Nyuzi za Lavelle Stigler

Thaddeus Pegues alikuwa amevaa suti nyeusi ya mazishi katika joto la Agosti la Mississippi, na maiti yenyewe ilikuwa haijapatikana.

"Vua hata koti, mzee," Ardella Gatewood alimwambia. "Utaniangukia hapa nianze upelelezi wa pili."

"Nitavua tukishamzika Lavelle."

Ardella, mpelelezi wa ofisi ya sherifu wa kaunti, alikuwa amesimama katikati ya kibanda cha mazoezi cha bendi ya Red Gully, mikono mfukoni asije akashika kitu, akiangalia ukuta. Kwenye misumari mitatu yalining'inia magitaa mawili na kinanda kimoja cha mdomo kilichofungwa kwa kamba ya kiatu. Gitaa la kwanza lilikuwa la marehemu Magnolia, dada yake Thaddeus. Kinanda kilikuwa cha marehemu Ples, binamu yao. Cha tatu kilikuwa gitaa la besi la Lavelle Stigler, ambaye hajaonekana tangu Jumapili, na nyuzi zake nne zilikuwa zimelegea.

Hapo ndipo kesi yote ilipokaa. Magnolia alipofariki, Thaddeus hakuwa na la kusema kanisani, basi alirudi kibandani akalegeza nyuzi za gitaa la dada yake, akalitundika. Tangu siku hiyo ikawa sheria ya bendi. Mwenzao akifa, chombo chake kinalegezwa na kutundikwa, na mkono wa mtu haukigusi tena. Vilimani mle kila mtu aliijua sheria hiyo, hata wale ambao kanisani hawaendi.

"Kwa hiyo uliingia Jumatano, ukalikuta hivi," Ardella alisema.

"Nimeshakwambia mara ngapi, binti? Nimefungua mlango, nimeliona, nimekaa pale chini. Mtu amemuua mwenzangu, halafu akaja humu kumfanyia heshima yake. Mtu anayetujua."

"Na funguo?"

"Wangu, wa Lavelle, wa Cletus. Basi." Mzee alijifuta jasho. "Na Cletus unaye wewe."

Kweli alikuwa naye. Cletus Hargrove, mpiga ngoma, alikuwa mahabusu tangu jana yake, na aliyemtia pingu alikuwa Ardella mwenyewe. Watu walimwona akigombana na Lavelle mbele ya duka, na sakafu ya pikapu yake ilikuwa imelowa damu. Sherifu alitaka afunguliwe mashitaka ya mauaji jioni ile ile, kabla waandishi wa Memphis hawajaanza kupiga simu. Na wangepiga. Red Gully haikuwa bendi ya mchezo. Walikuwa ni majirani waliochukua bluzi, muziki wa wazee wao, ile inayozunguka mahali pamoja mpaka kichwa kilewe, wakaitia umeme na ngoma za roki, wakaitoa kwenye varanda za vilimani hadi kumbi za Ulaya ambako wazungu watu wazima walipanda juu ya viti. Wakubwa wa studio moja waliwahi kuwaambia wamwache Cletus, wachukue mpiga ngoma anayejua kusoma noti. Wote waliinuka, wakavaa kofia zao na kuondoka, na mkataba ukabaki mezani na kahawa yake. Ardella aliipenda bendi ile, na hakuona haya kulisema. Utotoni mwake, kila mwaka wakati wa karamu ya mbuzi, baba yake alikuwa akimbeba mabegani ili awaone wakipiga. Sasa karamu ilikuwa kesho, na yeye ndiye aliyekuwa karibu kuimaliza bendi kwa mkono wake. Kama Lavelle amekufa na Cletus amemuua, Red Gully imekwisha. Na kama Cletus hajamuua, basi anamwangamiza mtu asiye na hatia.

"Usiguse kitu mpaka nirudi," alimwambia Thaddeus.

"Nani aguse? Mimi sina wazimu."

*

Cletus alikuwa amekaa kwenye kitanda cha chuma, akigongagonga magoti yake kwa vidole. Hakuacha kupiga Ardella alipoingia.

"Dada, mmeniletea uji wa mahindi umeganda. Hata kama nimeua, sikustahili uji ule."

"Umeua?"

"Mbuzi wawili. Kesho kuna karamu, au umesahau? Nimewachinja kwa shemeji, nimewatia kwenye pikapu, damu imemwagika. Wapelekee hao wa maabara waionje."

"Wataipima. Majibu hayatafika leo." Ardella alivuta kiti. "Mligombania nini dukani?"

Vidole vilisimama.

"Mambo ya bendi."

"Cletus, sherifu anakuandikia mashitaka huko juu. Mambo ya bendi hayapo tena."

Cletus alikuwa mtu wa maneno mengi, na kumwona akiyatafuta kulimpa Ardella wasiwasi.

"Nilimwambia anapiga kama mtu aliyevaa glavu," alisema mwishowe. "Lavelle! Mtu ambaye nimekaa nyuma yake maisha yangu yote sijawahi kumsikia akikosea. Sasa tangu Juni anachelewa. Noti nyingine haitoki kabisa, inakuwa kama mtu kagonga sanduku. Nikadhani kaanza kunywa. Nikamwambia mbele za watu, na hilo ndilo kosa langu. Akanitukania mama, nami nikamtukania wake. Basi. Tumekuwa tukitukaniana mama tangu utotoni, na mama zetu wenyewe walikuwa marafiki."

"Halafu usiku ukaenda kibandani."

"Kufanya nini?"

"Kulegeza nyuzi zake."

Cletus alimkazia macho, kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Mimi? Nishike vigingi vya kukazia nyuzi? Ardella, wewe si mtu wa hapa? Mpiga ngoma haruhusiwi kugusa kigingi cha gitaa. Magnolia aliwahi kunichapa na mwiko kwa hilo. Mimi sijui hata vinazungukia upande gani. Na kazi ya kulegeza ni ya Thaddeus. Hata ningemuua Lavelle, Mungu apishilie mbali, ningemfuata Thaddeus na kumwambia: njoo ulegeze, nimefanya ujinga."

Ardella aliandika neno moja, akafunga kalamu. Ulikuwa utetezi wa ajabu kuliko wote aliowahi kuusikia katika chumba kile, na ubaya wake ni kwamba aliuamini.

"Sasa kama si wewe, na si Thaddeus," alisema, akijisemea zaidi kuliko kumwambia Cletus, "ufunguo wa tatu ni wa Lavelle mwenyewe."

Cletus aliacha kucheka. "Usiseme hivyo, dada."

"Sijasema kitu."

"Unataka kusema amejilegezea mwenyewe. Kwamba amejiaga." Aliinuka kitandani. "Kwa sababu nilimwambia kavaa glavu?"

Ardella alisimama. Aliyebaki kuulizwa alikuwa mke wa Lavelle.

*

Bi Earnestine Stigler alikuwa akifagia jikoni kwa hasira, na kila alipofagia, ufagio ulizidi kumwaga nyasi zake sakafuni.

"Tazama takataka hii," alisema, hata kabla ya salamu. "Ufagio mpya. Umefumuka wote. Vitu vya siku hizi!"

"Bi Earnestine, kaa kidogo."

"Nikikaa nitalia, na nimeshalia vya kutosha. Wewe uliza, mimi nafagia."

Ardella alikaa peke yake. Alijua namna ya wanawake wa upande ule. Msiba unawangoja mlangoni, wao wanaugombeza ufagio.

"Aliondoka namna gani?"

"Kama anakwenda kununua sigara, wakati sigara aliacha zamani. Amebeba mkate wa mahindi na soseji, kanibusu hapa kwenye paji la uso. Nikamwuliza unakwenda wapi, akasema anakwenda kujinyoosha. Kujinyoosha! Na vidonge vyake vya presha kaviacha pale dirishani."

Vidonge vilikuwepo kweli. Ardella alikichukua kichupa, akakitikisa, akakitia mfukoni.

"Kilevi?"

"Lavelle? Nani kakwambia? Huyo ni Cletus na domo lake."

"Mkono wake je?"

Ufagio ulisimama.

"Mkono gani?"

"Nauliza tu. Cletus anasema anapiga kama amevaa glavu."

Bi Earnestine aliuegemeza ufagio kwenye meza, akaketi hatimaye, polepole.

"Kavunja vikombe viwili tangu Juni," alisema. "Nikamgombeza. Na mashati yake ya vifungo hataki tena kuyavaa, fulana tu, fulana tu, hata kanisani. Nikasema mzee huyu kazidi uvivu." Alijishika mdomo. "Mkono wa kushoto. Ardella, ni ule wa kushoto. Nami nilikuwa nikimcheka."

Ule wa kushoto ndio wa kubonyezea nyuzi. Ardella hakulisema, maana mke wa mpiga besi hahitaji kuambiwa.

"Kuna kingine alichochukua?"

"Hamna. Kichupa changu cha dawa ya kikohozi, kile kitupu, nacho sikioni. Nani anaiba chupa tupu?"

Ardella alisimama kuondoka, akaukumba ufagio, ukaanguka. Aliinama auinue, na hapo akaona kwa nini ulifumuka. Waya ulioyabana manyasi kwenye mpini haukuwepo. Haukukatika. Ulikuwa umefunguliwa taratibu na mtu mwenye subira, tangu mwanzo wake mpaka mwisho.

Aliuweka ufagio mezani. Kuna kitu kilimgonga kichwani, lakini hakikukaa. Kwanza alitaka kurudi kibandani. Kuna jambo ambalo hakuna aliyelifanya pale, yeye akiwa mmoja wao, na sababu yake ilikuwa adabu tupu.

*

Thaddeus alikuwa bado na koti lake. Ardella alimpita, akaenda moja kwa moja ukutani na kunyoosha mkono.

"Usiguse!" mzee alipiga kelele. "Binti Gatewood! Hicho ni chombo cha maiti!"

"Nani kasema?"

"Macho huna? Nyuzi zimelegea!"

"Ndiyo, mzee. Nimeziona. Wewe umeziona, sherifu kaziona, mpiga picha kazipiga picha. Wote tumezitazama kama watu waliofundishwa vizuri na mama zao. Sasa niambie nani amezisikiliza."

Kabla hajajibiwa, alipitisha kidole gumba juu ya nyuzi zote nne.

Alitegemea mkwaruzo tu, ule wa nyuzi za gitaa la Magnolia ambazo zilining'inia hovyo. Haikuwa hivyo. Sauti ilitoka chini sana, nzito, ikatetemesha mbao za ukuta. Aliupiga kila uzi peke yake. Kila mmoja ulikuwa mahali pake na wenzake, wote sawasawa, ila walikuwa wameteremka pamoja.

Thaddeus alikuwa amefumba macho. Mwanamuziki hata akiwa na msiba, sikio lake haliendi matangani.

"Piga tena," alisema.

Akapiga tena.

"Hizi hazikulegezwa," mzee alisema taratibu. "Zimeshushwa. Aliyefanya hivi alikaa akazisikiliza, mmoja mmoja. Nilipolegeza za Magnolia nilizungusha tu vigingi huku nalia. Mtu wa msiba hapatanishi nyuzi."

"Lavelle amezishusha mwenyewe. Uzi ukishuka unakuwaje kwenye vidole?"

"Unakuwa laini. Mtoto mdogo anaweza kuu..." Alifungua macho.

"Mkono wake wa kushoto unakufa ganzi tangu Juni," Ardella alisema. "Aliwaficha. Jumapili alikuja humu peke yake kujaribu kama akizilegeza ataweza kubonyeza. Alishusha, akajaribu, akashindwa, akalirudisha kwenye msumari wake kama anavyofanya siku zote. Hakuwa anaaga, mzee. Hata hakufikiria sheria yenu. Alikuwa kazini."

Thaddeus alishika ukuta. "Mungu wangu. Nami nimekwenda kununua soksi nyeusi."

"Sauti hii, hii ya chini kabisa. Unaijua?"

"Sasa unaniuliza!" Mzee aliupiga uzi mnene mwenyewe, mara mbili, bila kukumbuka kwamba amevunja sheria yake. "Huu ni waya wa Bi Zenobia. Bibi yake Lavelle. Kabla hatujawa na gitaa tulikuwa na waya umepigiliwa kwenye ukuta wa varanda yake, Lavelle anaupiga kwa kidole, na mkono huu mwingine anaburuta..."

"Chupa," Ardella alisema. "Na waya wa ufagio."

"Wa nini tena?"

Alikuwa ameshafika mlangoni. "Nyumba ya Bi Zenobia iko wapi? Niliuliza kila mtu Lavelle anaweza kuwa wapi, hakuna aliyeitaja."

"Kwa sababu hakuna nyumba! Imeanguka miaka mingi. Umebaki ukuta na varanda."

"Ukuta ndio anaoutaka. Ingia garini."

*

Barabara ya Tick Ridge ilikuwa imemezwa na magugu ya kutambaa, yale yanayofunika miti, nguzo za simu na matrekta bila kuchagua. Ardella aliendesha kwa kasi kuliko alivyopaswa, kichupa cha vidonge kikigongagonga mfukoni. Lavelle hakuwa amejiaga, sawa. Lakini alikuwa mzee mwenye presha, mkono ganzi, bila dawa, kwenye joto la kupasua mawe, tangu Jumapili. Huenda suti ya Thaddeus bado ingepata kazi. Wote wawili walilijua hilo.

Gari la Lavelle lilikuwa chini ya magugu, kioo wazi. Ndani hamkuwa na mtu. Ardella alizima injini, akainua mkono Thaddeus anyamaze.

Palikuwa kimya. Nyenje tu. Kisha, kutoka nyuma ya miti, ikaja sauti ile ya chini, ndefu, ikapanda, ikalia kama mtu, ikashuka tena mahali ilipoanzia.

Thaddeus alikimbia. Ardella hakuwahi kumwona mzee wa umri ule akikimbia, wala hakujua kwamba suti ya mazishi inaruhusu.

Lavelle Stigler alikuwa amekaa kwenye kreti la soda, ameegemea ukuta wa mbao uliosimama peke yake kama umesahauliwa. Waya wa ufagio wa mkewe ulikuwa umepigiliwa juu na chini. Mkono wa kulia ulikuwa ukidonoa, wa kushoto umeshika kichupa kwa ngumi, maana ngumi haihitaji vidole. Midomo ilikuwa imemkauka, na fulana ingesimama yenyewe kwa jasho. Alimtazama rafiki yake kuanzia viatu vyeusi hadi tai.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Wewe!" Thaddeus alifoka, machozi yanamtoka wazi. "Wewe, mshenzi mkubwa wewe! Nimekulilia tangu Jumatano! Cletus yuko jela kwa kukuua!"

"Cletus? Ataweza kumuua nani Cletus?" Kisha akaona uso wa Ardella, akaelewa kwamba si mzaha. "Jela kweli?"

"Kweli," Ardella alisema. Alimpa maji, kisha vidonge, akasimama juu yake mpaka alipovimeza. "Kwanza unakwenda kwa daktari. Hilo si ombi. Sasa niambie kwa nini hukumwambia mtu."

Lavelle aliinua mkono wa kushoto, akajaribu kuufungua. Vidole viwili vilitii. Vingine vilibaki vimekunjwa.

"Ningewaambia nini? Wale watu wa studio walisema tumwache Cletus, tukakataa wote. Sasa mimi niwe mzigo ambao mtakataa kuuacha? Mtapiga vibaya kwa ajili yangu mpaka watu wawacheke. Nawajua." Aliugonga waya kwa ukucha. "Nilisema nije nione kama huu bado unanikubali. Nikiweza, nije karamuni na waya. Nikishindwa, nimwambie Thad atafute kijana. Nilidhani ni siku mbili hivi. Halafu nikaanza kuweza."

Ardella alitoka hadi garini, akachukua redio na kumwita sherifu. Alimwambia kwamba marehemu amepatikana, anakunywa maji na kubishana, na Cletus Hargrove afunguliwe sasa hivi, aombwe radhi, na apewe chakula cha maana. Kuhusu radhi yake mwenyewe, angeipeleka kwa miguu yake. Sherifu alianza kuuliza juu ya damu. "Mbuzi," alisema, akazima.

Aliporudi, Thaddeus alikuwa amevua koti hatimaye. Alilitundika kwenye msumari wa juu wa waya, akakunja mikono ya shati na kuchuchumaa mbele ya ukuta, sikio karibu na mbao.

"Piga," alimwambia Lavelle.

Lavelle alipiga. Chupa ilipanda, ikashuka.

"Iko chini sana," Thaddeus alisema. "Gitaa langu haliendi huko."

"Najua. Ndiyo nakwambia. Huu waya hauwezi kukazwa zaidi, utakatika. Hauwezi kuwafuata nyinyi."

Thaddeus alisikiliza mpaka sauti ilipokwisha yote ndani ya ukuta.

"Nani kakwambia utufuate?" alisema. "Sisi ndio tutashuka."